Swali la Daktari wa Usingizi

Daktari wa usingizi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye haraka, na maswali yake aliyauliza bila kuinua macho kwenye fomu. Umri? Arobaini na sita. Uzito? Sabini na moja. Kuna dawa inayomdhuru? Hakuna. Meno ya bandia? Edinelza akacheka, akasema meno yote ni yake mwenyewe, ashukuriwe Mungu. Pombe?

"Bia mbili tatu kwenye sherehe, daktari."

"Dawa unazotumia? Za vidonge, za sindano? Hizi kalamu za kukondesha?"

Chumbani walikuwamo wanne. Kwenye kiti cha pembeni alikaa mama mkwe wa Edinelza, Bi Osmarina, bibi wa miaka sabini na miwili, rozari kaizungusha mkononi mahali pa saa. Nyuma, ameegemea ukuta kwa sababu viti vilikuwa viwili tu, alisimama Tainara, binti wa Edinelza, miaka ishirini. Tainara ndiye aliyekuwa akimdunga mama yake hizo kalamu kila Jumamosi asubuhi, mwezi wa tisa sasa. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Alikuwa amemdunga juzi.

"Hapana, daktari," Edinelza akasema. "Mimi nimepungua kwa nadhiri."

Daktari akainua macho kwa mara ya kwanza. "Kwa kitu gani?"

"Nadhiri," akadakia Bi Osmarina, kifua mbele. "Kwa Bikira, Mama wa Nazare. Kilo ishirini na sita! Mtaa mzima ni shahidi."

"Hongera," daktari akasema, akaweka alama kwenye kisanduku. "Upasuaji ni keshokutwa saa mbili asubuhi. Usiku wa kuamkia siku hiyo, ikishagonga saa mbili usiku, usile kitu."

Tainara alifungua mdomo. Mama yake hakugeuka, ila alinyoosha mkono nyuma ya kiti, akaushika wa binti yake na kuubana mpaka pete ikamuuma. Tainara akafumba mdomo. Mambo yote yalikwisha kwa muda wa mtu kumeza mate, kisha wakatoka kwenda kungoja basi, maana mvua ya mchana ilikuwa karibu na hapa Belém mvua hiyo haimsubiri mtu.

Nadhiri ilikuwepo kweli, na hapo ndipo penye ugumu. Uongo mtupu ungekuwa rahisi kuuungama.

Mwaka uliotangulia, mwezi wa tatu, Edinelza alinasa kwenye kile chuma cha kuzunguka kinachomruhusu abiria kupita ndani ya basi. Alinasa tumbo mbele na makalio nyuma. Kondakta alimsukuma, abiria wakamvuta, na kwenye viti vya nyuma walikuwapo wanafunzi wa shule anayopikia, watoto anaowapakulia wali na maharage kila siku ya Mungu. Mmoja akapaza sauti, "Mpakeni mafuta ya kupikia!" Basi zima likacheka. Edinelza naye akacheka, akafika nyumbani, akalia chooni bomba likiwa wazi ili asisikike. Jioni hiyo akaweka nadhiri: akipungua kilo kumi na tano kabla ya Oktoba, siku ya maandamano ya Bikira ataivuta kamba ya kukokota sanamu yake, miguu mitupu, mwanzo hadi mwisho.

Miezi mitatu alikula majani na machozi. Akapungua kilo mbili, akaongezeka tatu. Ndipo mwanamke anayempaka rangi za kucha akamnong'oneza habari za kalamu zinazovushwa kutoka Paragwai ndani ya soksi.

"Huku si kumdanganya Bikira?" Tainara alimuuliza siku ya kwanza, sindano mkononi, mafunzo yote kayapata kwenye simu.

"Mtu akizama akaomba, akaletewa mtumbwi, atauliza mtumbwi umetoka wapi? Dunga, mwanangu."

"Na Bibi?"

"Bibi yako ukimwambia saa nne, saa tano mtaa wote wa Guamá unajua. Weka nyuma ya siagi."

Njaa ikaondoka. Edinelza, ambaye bakuli la uji wa matunda ya asai na unga wa muhogo lilikuwa haliwezi kumpita, alikula vijiko vitatu akasukuma bakuli. Hakuna aliyemkataza wala aliyemsifu. Hamu tu ilikuwa haipo, na kwa mtu aliyepigana na hamu maisha yake yote, huo ulikuwa muujiza wa kutosha. Tusimcheke. Lakini kulikuwa na mengine. Alitapika kila Jumapili. Nywele zilibaki kwenye kitana. Mikono ilisinyaa pamoja na mafuta, akashindwa kuinua sufuria la shule alilolizoea. Na alicheua, mara nyingine asubuhi, chakula cha jana yake.

"Samaki wa jana ananirudia leo," alimwambia binti yake, wote wawili wakaona kichekesho.

Oktoba aliivuta kamba. Sisi tunaojua kamba ile tunajua maana yake: watu maelfu, jasho, kuzimia, ngozi ya viganja kubaki kwenye katani. Kichwani alibeba sanamu ya nta ya mwanamke mwembamba, kama ilivyo desturi ya mtu kubeba mfano wa alichopewa. Bi Osmarina alitembea kando yake akilia. Wiki iliyofuata Ivanilde, jirani yao, kiongozi wa akina mama wa sala, akamwomba atoe ushuhuda kanisani. Akautoa. Tangu hapo kila Jumanne wanawake wawili watatu walikuja mlangoni kumwomba awaombee, na Bi Osmarina, aliyezoea kumwita mkwewe "yule mpishi," akaanza kumwita "binti yangu."

Ungekuwa wewe, ungeanzia wapi kusema?

Kisha Februari yakaja maumivu chini ya mbavu, yakampinda hadi sakafuni. Mfuko wa nyongo ulikuwa umejaa mawe. Daktari wa tumbo alisema huwatokea watu wanaokonda haraka, akamtazama, akangoja. Edinelza akasema, "Ni kufunga, daktari. Nilifunga sana."

Jumatano asubuhi walikaa watatu kwenye benchi la nje ya chumba cha upasuaji. Bi Osmarina na rozari yake. Valdecir, baba yake Tainara, fundi wa majokofu, bado na sare ya kazi maana aliahidiwa itakuwa saa moja tu. Na Tainara, aliyelala na mama yake wodini. Ilipita saa moja. Ilipita ya pili. Mlango ukafunguliwa, akatoka yule daktari wa usingizi, na sasa hakuwa na haraka.

"Nani alimlisha?"

Hawakuelewa.

"Nauliza nani alimpa chakula. Nilisema asile. Tumbo lilikuwa limejaa. Tulipomlaza tu usingizi chakula kikapanda, kikaingia kwenye mapafu. Tumekinyonya tulivyoweza. Sasa anapumua kwa mashine."

Valdecir alisimama, akakaa. Bi Osmarina hakumtazama daktari. Alimtazama mjukuu wake.

"Wewe ndiye uliyelala naye."

"Hakula, Bibi."

"Ulimpa nini?"

"Tainara," baba yake akasema, "sema tu kweli. Sitakugombeza."

"Hakula jamani! Hata maji alisukutua tu akatema!"

"Mwanangu," daktari akasema, "nimeyaona kwa macho yangu. Wali. Maharage, mazima kabisa."

Hapo Tainara akayakumbuka maharage. "Hayo aliyala juzi... hapana, jana. Jana mchana, saa sita. Jioni alikataa supu."

Daktari akahesabu kimyakimya. Saa ishirini. Akavua kofia yake ya kitambaa. "Mama yako anatumia dawa gani?"

Korido ile ilikuwa na watu wengi, kila mmoja na mgonjwa wake, na wote walitega sikio kidogo, kama watu wanavyotega sikio jambo la mwingine linapokuwa baya kuliko lao. Tainara akasema. Alisema jina la kalamu, dozi, miezi tisa, na siku ya mwisho. Alisema yote akitazama viatu vya daktari.

"Nilimuuliza," daktari akasema.

"Najua. Nilikuwepo."

Daktari akakaa kwenye benchi, katikati yao, jambo ambalo madaktari hawalifanyi. Akawaeleza polepole. Mtu akila, utumbo hupeleka habari kwenye ubongo kwamba chakula kimefika, na dawa ile huiga habari hiyo siku saba mfululizo. Ndiyo maana njaa huisha. Kongosho nayo huambiwa itoe insulini sukari ikipanda, na kwa wenye kisukari hiyo ni neema. Yeye mwenyewe anao wagonjwa wanaoishi vizuri kwa sababu yake, wakipimwa na kuangaliwa. Lakini pia hulichelewesha tumbo. Chakula cha kuondoka kwa saa nne kinaweza kukaa siku nzima. Mtu amefunga kama alivyoagizwa, na tumbo limejaa.

"Ningejua, ningempa maji matupu siku nzima, ningelitazama tumbo kwa mashine, ningemlaza kwa njia nyingine. Au ningeahirisha. Lilikuwa neno moja tu."

"Mtoto huyu anasema uongo," Bi Osmarina akasema.

"Mama," Valdecir akaanza.

"Anasema uongo! Mkwe wangu alipungua kwa nadhiri. Niliiona kamba ikimchuna mikono. Huyu amemwonea huruma mama yake akampa maharage, sasa amebanwa anamsingizia mgonjwa asiyeweza kujibu." Akamgeukia Tainara, na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya kuomba. "Sema umemlisha, mjukuu wangu. Mungu atakusamehe. Hilo linasameheka."

Edinelza alikaa na mashine siku nne. Siku ya tano mapafu yalikataa.

Msibani, wanawake walijaa hadi barabarani, wengine wakimgusa marehemu kwa kitambaa kisha wanajipangusa usoni. Bi Osmarina aliketi karibu na jeneza, na kila aliyekuja kumpa pole alimsimulia. Mtoto alimwonea huruma. Alimpa maharage kidogo. Utoto tu, hakukusudia. Na kila aliyesimuliwa alikwenda moja kwa moja kwa Tainara na kumkumbatia.

"Usijilaumu, mwanangu. Hukujua."

"Njaa ya mama inauma, ningekuwa mimi ningempa pia."

Hakuna aliyemtukana. Angetukanwa angepata la kujibu.

Baada ya maziko Valdecir alifungua jokofu, akatoa kiboksi nyuma ya siagi, akaketi nacho. Zilikuwamo kalamu mbili. Alizigeuza mkononi. Mtu anayetengeneza majokofu ya watu, na lake mwenyewe hakulijua lina nini.

"Nakuamini," alimwambia binti yake.

"Basi mwambie Bibi."

Valdecir akazirudisha kalamu kwenye kiboksi. "Bibi yako amebakiwa na nini, Tai? Ana muujiza huo tu. Mwache nao. Wewe bado kijana, watu watasahau."

Kwa hiyo baba alimwomba binti abebe, na binti akabeba, kwa sababu alijiona anadaiwa. Hakumlisha mama yake, sawa. Lakini swali liliulizwa, na yeye alikuwa amesimama pale na jibu mdomoni.

Swali likahamia nyumbani. Alikuwa akiosha vyombo analisikia nyuma yake: dawa unazotumia? Za vidonge, za sindano? Kwenye duka la dawa, mhudumu alimuuliza hivyohivyo alipokwenda kununua kitu cha kichwa, akaondoka bila kununua. Alivaa glavu za kufulia asiuone mkono wake, maana kila akiuona aliuhisi ukibanwa, na vidole vilivyoubana vilikuwa na joto la mtu aliye hai. Usingizini alijibu swali lile kwa sauti. Bi Osmarina, aliyelala naye chumba kimoja, alimsikia akisema "ndiyo, daktari, ndiyo," akajigeuza ukutani na kusali kwa nguvu zaidi.

Wiki ya tatu Ivanilde akaja, keki ya muhogo mkononi, saa ambayo alijua Bi Osmarina yuko kanisani. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mpole, mwenye sauti iliyozoea kuongoza sala. Alikaa jikoni, akazungumzia mvua, akazungumzia misa ya mwezi. Kisha akashusha sauti.

"Mwanangu, zile kalamu za mama yako. Zilibaki?"

Tainara aliacha kukata keki.

"Usinitazame hivyo. Sitaki bure, nitazinunua. Zangu zimekwisha, na yule wa kucha amekamatwa na mzigo mpakani."

"Shangazi ulijua?"

"Mimi najidunga tangu Krismasi. Célia wa duka la mikate anajidunga. Mke wa fundi viatu. Wale wanaokuja Jumanne kuombewa, ulidhani wanakuja kusali tu? Wengine walikuja kumuuliza mama yako anapata wapi."

"Mlimsikia Bibi msibani. Mlijua, na mkanikumbatia mkaniambia nisijilaumu."

Ivanilde aliangalia keki yake. "Tungesema nini, mwanangu? Tujitaje?"

Alikuwa na aibu, na aibu yake ilikuwa ya kweli. Hata hivyo hakuondoka. Alieleza kwamba Jumanne ijayo anafanyiwa upasuaji wa kizazi, uvimbe umekuwa mkubwa, anavuja damu mpaka anatandika taulo kitini. Amengoja foleni ya serikali miezi kumi na minne. Anataka asinenepe kabla ya siku hiyo.

"Utamwambia daktari?"

"Ataahirisha! Nirudi tena mwisho wa foleni? Na mume wangu ndiye anayenipeleka, yeye anajua nimepungua kwa kufunga. Ameshasema sana juu ya wanawake wa sindano. Nitaacha kula tangu Jumapili, sitakula kitu."

"Shangazi, mama yangu pia hakula."

"Mama yako ilikuwa siku yake," Ivanilde akasema, akainuka. "Basi kama hutaki kuniuzia, angalau ninyamazie. Siri ya mtungi aijuaye kata."

Tainara hakumuuzia. Alizivunja kalamu zote mbili kwenye sinki, dawa ikaingia bombani, na akabaki amesimama pale akijua kwamba hilo halikusaidia kitu. Ivanilde angezipata kwingine. Alizipata Ijumaa.

Jumanne asubuhi mvua ilikuwa imewahi. Tainara alifika hospitali na viatu vinavyolia maji. Kwenye chumba cha kungojea upasuaji Ivanilde alikuwa amekwisha kuvaa gauni la wagonjwa, mume wake mkono wa kulia, na wanawake wawili wa kundi la sala mkono wa kushoto. Walimwona Tainara wakafurahi, wakasogea apate nafasi.

"Umekuja kumsindikiza! Moyo mzuri kama wa mama yake."

Ivanilde peke yake hakufurahi. Alimtazama sana, akatikisa kichwa mara moja, kidogo, wengine wasione.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa daktari yuleyule, na fomu yake. Umri? Uzito? Meno ya bandia? Tainara alihisi mkono wake ukibanwa, na hapakuwa na mtu aliyeushika.

"Dawa unazotumia? Za vidonge, za sindano? Kalamu za kukondesha?" Daktari hakuangalia fomu alipouliza hilo. Sasa aliliuliza huku akimtazama mgonjwa machoni.

"Hapana, daktari," Ivanilde akasema. "Ni kufunga tu na sala."

"Anajidunga," Tainara akasema.

Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia. Mume wa Ivanilde aligeuka. Mmoja wa wale wanawake alijifanya anatafuta kitu mkobani.

"Anajidunga tangu Krismasi. Sijui dozi, lakini amedunga wiki hii. Msimlaze, daktari."

"Wewe ni ndugu yake?"

"Hapana. Mimi ni binti yake Edinelza. Wa maharage."

Daktari alimkumbuka. Hakumuuliza Ivanilde tena. Alifunga fomu, akaweka kalamu mfukoni, akamwambia muuguzi leo huyu haingii. Apangiwe upya, afunguliwe ukurasa mpya, wamtafutie siku ya karibu kama wataweza. Kama wataweza. Kwenye hospitali za serikali, hilo ni neno refu.

Mume wa Ivanilde aliinuka. Alichukua mwavuli akatoka nje, akamwacha mke wake na gauni lile lisilofunga mgongoni. Na Ivanilde, aliyeongoza sala za watu miaka kumi na moja, alimfuata Tainara koridoni, ameshika gauni nyuma kwa mkono mmoja, akamporomoshea matusi ambayo hatukujua kwamba anayajua.

"Nyoka wewe! Miezi kumi na minne! Ulimuua mama yako kwa mdomo uliofumba, sasa mimi unaniua kwa uliofumbua? Nani alikuita hapa? Nani?"

Wagonjwa walitoa vichwa milangoni. Tainara alisimama ukutani, akatazama mdomo wa yule mwanamke ukifunguka na kufungika, mishipa ya shingo imesimama, pumzi ikiingia na kutoka, ikiingia na kutoka, bila mashine.

"Kesho nakuja mpaka mlangoni kwenu! Nitakutukana mbele ya bibi yako, ajue wewe ni nani, ajue kila kitu!"

"Njoo, shangazi," Tainara akasema, machozi yanamtiririka. "Njoo kesho. Na keshokutwa uje tena."